Sistimu Ikilala, Pesa Nazo Zilale

Somo la kusoma pamoja katika kikundi: kununua ploti na kukodi nyumba wakati mitambo imezimika

LENGO LA SOMO
Baada ya somo hili kila mwanachama aweze:
(a) kutaja huduma za mtandao zinazohitajika katika kununua ploti au kukodi nyumba;
(b) kueleza la kufanya, na lisilofaa kufanywa, huduma hizo zikipotea;
(c) kusaidia kikundi kuanzisha daftari la ardhi na nyumba.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: daftari moja gumu, kalamu, na msomaji mwenye sauti ya kusikika.

UTANGULIZI



Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, mashamba mengi ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yamekatwa ploti. Wafanyakazi wa viwandani wanakodi chumba Makongeni, Kiandutu, Kihunguro au Witeithie, na kila wiki wanaweka kidogo chamani ili siku moja wapate futi 50 kwa 100 zilizo zao. Hiyo ndiyo ndoto ya wengi wetu.

Zamani mtu alibeba bahasha ya pesa na karatasi zake akaenda ofisini. Siku hizi karibu kila hatua inapita kwenye simu au kompyuta. Ada za serikali hulipwa kwa eCitizen. Ushuru wa stempu hupitia mitambo ya KRA. Kodi ya nyumba hutumwa kwa M-Pesa. Stima ni tokeni. Mambo haya yametupunguzia safari nyingi, na tunashukuru. Lakini mtambo huzimika. Siku ukizimika, mnunuzi na mpangaji hujikuta gizani, na gizani ndipo mwizi hupenda kufanya kazi.

Somo letu lina kanuni moja ambayo kila mtu aishike kichwani: sistimu ikilala, pesa nazo zilale. Sasa tuone maana yake.

1. JE, MAMBO HAYA HUTOKEA KWELI?

Ndiyo, na tumeyaona.

Mwisho wa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha tarehe 27 Julai kwamba kulikuwa na shambulio. Watu walishindwa kupata huduma za serikali, kununua tokeni za stima, na kukata tikiti za treni. Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukawa wa kusuasua Afrika Mashariki yote. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano makubwa, intaneti ilivurugika tena.

Msidhani ni sisi peke yetu. Mwezi wa Oktoba 2020 baraza la mtaa wa Hackney, jijini London, lilishambuliwa kwa njia ya mtandao. Likashindwa kutoa taarifa za ardhi zinazohitajika mtu anaponunua nyumba, na wanunuzi wakakwama. Mwezi wa Desemba 2024 sajili za serikali ya Ukraine zilishambuliwa, na kwa wiki kadhaa shughuli za kuuza na kununua nyumba zikasimama.

Basi tusiulize kama mtambo utazimika. Tuulize: siku ikifika, kikundi chetu kitakuwa kimejiandaaje?

2. IGIZO FUPI

Wanachama wawili wasimame waigize. Mmoja ni Bloka, kijana anayeuza ploti karibu na Ruiru. Mwingine ni Mama Mweka Hazina.

BLOKA: Mama, habari ya leo? Zile ploti zimebaki mbili tu. Kuna watu wa Nairobi wanakuja saa nane.

MAMA: Mzuri, kijana wangu. Sisi tuko tayari. Lakini wakili wetu hajapata sachi. Anasema sistimu imelala tangu Jumatatu.

BLOKA: Hiyo sistimu, mama, hulala kila siku! Ukiingoja utazeeka. Taito hii hapa, ishike kwa mkono wako. Nitumie dipositi kwa simu, sachi itakuja baadaye.

MAMA: Na kama sachi itasema shamba lina mkopo wa benki?

BLOKA: Mama, kwani huniamini?

MAMA: Nakuamini wewe, kijana wangu. Lakini shamba si lako, ni la aliyeandikwa kwenye sajili. Huyo ndiye nangoja kumjua. Sistimu ikilala, pesa zetu nazo zinalala.

Baada ya igizo, jadilini: Ni maneno gani ya bloka yalikuwa ya kuharakisha? Je, kushika taito mkononi kunatosha?

Jibu: hakutoshi. Taito ni karatasi, na karatasi hughushiwa. Cheti rasmi cha sachi ndicho kinachoonyesha mwenye ardhi kwenye sajili, ukubwa wake, na kama kuna mkopo, zuio au amri ya korti juu yake. Bila sachi, hujui unachonunua. Muuzaji wa kweli anaweza kungoja wiki moja. Asiyeweza kungoja mtambo urudi, pengine anajua mtambo utasema nini.

3. KABLA YA SISTIMU KULALA

Maandalizi hufanywa mtandao ukiwa mzima. Fanyeni haya mapema, hata kama hamjapata ploti.

Kwanza, kila mtu awe na namba ya PIN ya KRA na akaunti yake mwenyewe ya eCitizen. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako, maana namba ya siri ya kuingilia hutumwa hapo. Ukisaidiwa na kijana wa saiba, usimwachie neno lako la siri.

Pili, jueni sajili ya ploti mnayoitaka inafanya kazi vipi. Mtambo wa Ardhisasa ulizinduliwa tarehe 27 Aprili 2021, ukaanza na rekodi za Nairobi, na sajili nyingine zimekuwa zikiingizwa kidogo kidogo. Msidhani tu. Mtumeni mwanachama aulize kaunta ya sajili ya eneo hilo: "Faili la namba hii limeingia mtamboni, au bado ni la karatasi?" Hata pale faili ni la karatasi, ada hulipwa kwa eCitizen. Kwa hiyo kuzimika kwa malipo kunaweza kukusimamisha hata kama faili liko kabatini mbele ya karani.

Tatu, andikeni namba ya ardhi yote, bila kuacha neno wala tarakimu: jina la sehemu, bloku na namba ya ploti. Ruiru East na Ruiru Kiu ni sehemu mbili tofauti. Ukikosea tarakimu moja, utafanya sachi ya shamba la mtu mwingine.

Nne, kama mnachoonyeshwa ni cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, na hizo ziko nyingi upande wetu, jueni kwamba hicho si taito. Ulizeni ofisi ya kampuni kama ploti hiyo imeshatolewa taito, na kwa jina la nani.

Tano, tafuteni wakili mapema. Mkataba wa kuuza ardhi Kenya lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi ziwe na shahidi. Makubaliano ya mdomo au ya ujumbe wa simu peke yake hayatakusaidia kortini.

4. KIFUNGU CHA KUOMBA KATIKA MKATABA

Mikataba ya ardhi ina saa inayohesabu. Mara nyingi mnunuzi hupewa siku 90 kumaliza kulipa. Sheria nayo ina saa zake. Kwa shamba la kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi huombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Hati ya uhamisho hupigwa stempu ndani ya siku 30 tangu itiwe sahihi, na ukichelewa kuna faini. Ushuru huo ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani.

Sasa fikirini: mtambo ukilala siku kumi, nani anabeba hasara ya siku hizo? Mkataba usiposema, mtavutana. Mwambieni wakili aweke maneno ya namna hii:

"Iwapo huduma ya serikali au ya benki inayohitajika itakosekana kwa sababu ya mtambo kuzimika, siku hizo hazitahesabiwa dhidi ya upande wowote, mradi anayecheleweshwa amjulishe mwenzake kwa maandishi."

Lakini angalieni: kifungu hiki kinawafunga mnunuzi na muuzaji tu. Hakiongezi siku za sheria. Saa ya Bodi na saa ya stempu zinaendelea. Kwa hiyo msingoje siku ya mwisho. Kama mna siku 30, mlipe katika wiki ya kwanza.

5. SISTIMU IMELALA: KAZI ZA KUFANYA WAKATI HUO

Kungoja si kukaa bure. Kuna mambo muhimu ya ardhi ambayo kompyuta haiwezi kuwaambia, na hayahitaji mtandao. Gawaneni kazi hivi:

- Watu wawili waende kwenye ploti yenyewe, mchana, bila bloka. Waone kama kuna mtu analima au amejenga.
- Wazungumze na majirani wa pande zote. Waulize: "Shamba hili ni la nani? Limewahi kuwa na kesi?" Mzee aliyekaa hapo miaka thelathini anajua mengi.
- Wapite kwa chifu au naibu wake.
- Mpima ardhi mwenye leseni aonyeshe mawe ya mipaka na kuyalinganisha na ramani ya sajili. Watu wameonyeshwa ploti nzuri kando ya lami, wakaandikiwa nyingine iliyo kwenye kinamasi.
- Mtu mmoja na wakili waulize katika korti ya ardhi ya Thika kama kuna kesi inayohusu namba hiyo.
- Mhakikishe muuzaji ana mke au mume, na kama yupo, amekubali. Idhini ya mwenzi huhitajika kwa mali ya ndoa.

Mkimaliza hayo, mtambo ukirudi mtakuwa mbele ya wote. Fanyeni sachi mara mbili: kabla ya kutia sahihi, na tena siku chache kabla ya kulipa pesa za mwisho. Kama mtambo umelala kati ya hizo mbili, ndiyo sababu zaidi ya kurudia. Hujui nini kiliingizwa siku ulipoamka.

6. PESA ZIPITIE WAPI?

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 15 kinaweka shilingi 500 kila mmoja kwa wiki. Hiyo ni shilingi 7,500 kwa wiki, na shilingi 780,000 kwa miaka miwili. Ploti wanayoitaka ni shilingi 700,000. Dipositi ya asilimia 10 ni shilingi 70,000. Zinabaki 630,000. Ushuru wa stempu, ukiwa wa mjini, ni shilingi 28,000.

Je, 630,000 zitapita kwa simu? Kutuma mara moja kwa M-Pesa kuna mwisho wa shilingi 250,000, na kwa siku shilingi 500,000. Itabidi zikatwe vipande vitatu kwa siku mbili. Mtandao ukipotea katikati, mmelipa nusu na hamjui mmesimama wapi. Pesa kubwa zipitie benki, kutoka akaunti ya kikundi hadi akaunti ya wakili au ya muuzaji iliyoandikwa kwenye mkataba. Dipositi ikae kwa wakili kama mshikaji wa pande zote mbili hadi masharti yatimie.

Tena, pesa za kikundi zisikae kwenye laini ya simu ya mweka hazina peke yake. Simu ikipotea au mtandao ukilala, kikundi kizima kimefungwa. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu.

Kuna ujanja mwingine wa siku za giza. Mtu anapiga simu na kusema, "Namba yetu ya malipo imeharibika, tumieni hii nyingine." Kateni simu. Nendeni kwa miguu kwa mwenyewe mkaulize. Namba ya malipo ibadilishwe kwa barua yenye sahihi, kamwe isibadilishwe kwa simu. Ada za serikali kwa eCitizen zina namba moja ya malipo, 222222. Anayekupa namba yake ya kibinafsi kwa ada ya serikali, mkimbie.

7. KWA WANAOKODI

Wengi wetu bado ni wapangaji, na kwetu hasara huja haraka. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, kodi ni kabla ya tarehe tano. Mtandao ukipotea tarehe nne, keateka anakuja na kufuli. Jilindeni hivi.

Kabla ya kuingia. Usitume dipositi ya nyumba ambayo hujaingia ndani ukaiona, hata ukiambiwa mtandao utapotea na nafasi itachukuliwa. Uliza majirani mwenye nyumba ni nani. Andikianeni karatasi, hata ukurasa mmoja, iseme kodi, dipositi na tarehe. Ongezeni: "Mtandao ukipotea siku ya kulipa, mpangaji atalipa kwa pesa taslimu na kupewa risiti, au siku ya pili baada ya mtandao kurudi, bila faini." Mwenye nyumba mwema hatakataa.

Stima. Uliza mita ni ya nyumba yako peke yako au ya kushiriki, na kama ina deni. Mita za tokeni zilihitaji kurekebishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ambayo haikurekebishwa hukataa tokeni mpya. Nyumba iliyokaa tupu muda mrefu inaweza kuwa na mita kama hiyo, kwa hiyo omba ijaribiwe mbele yako. Usingoje uniti ziishe kabisa ndipo ununue. Tokeni ni tarakimu 20. Ziandike kwenye karatasi, kwa sababu kuziingiza kwenye mita hakuhitaji mtandao. Kinachohitaji mtandao ni kununua.

Maji. Nyumba nyingi za ghorofa hutegemea kisima cha pampu. Stima ikipotea, maji nayo yanapotea. Uliza: tangi liko juu? Linatosha siku ngapi? Weka mitungi miwili.

Akiba ya taslimu. Kila familia iwe na pesa kidogo nje ya simu, za kutosha chakula na nauli ya siku tatu. Kikundi nacho kinaweza kutenga mfuko mdogo wa taslimu wa kumkopesha mwanachama ambaye kodi yake imekwama mtandaoni. Airudishe mtandao ukirudi.

Mkikosana. Nyumba za kuishi za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, na mgogoro hupelekwa kwa baraza lake. Vyumba vingi vya chini huingia hapo. Kwa duka au hoteli ambayo mkataba wake si wa maandishi, au haupiti miaka mitano, mwenye jengo lazima atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi miwili. Kufuli la ghafla si notisi.

8. DAFTARI LA ARDHI NA NYUMBA

Ujumbe wa M-Pesa ni mzuri, lakini hupotea pamoja na simu. Kila mwezi omba taarifa ya akaunti yako kwa *334#, ukaichape saiba. Kama jambo litafika kortini, karatasi iliyochapwa kutoka kwa mtambo huhitaji cheti kinachoeleza imetoka wapi na vipi. Hivyo ndivyo Sheria ya Ushahidi inavyosema katika kifungu cha 106B, na wakili atawasaidia. Daftari la mkono lililotiwa sahihi siku ile ile ni rafiki wa pili.

Andikeni safu hizi:
- tarehe na saa;
- kilicholipwa au kilichoulizwa;
- namba ya malipo na jina lililotokea;
- kama mtambo ulikuwa mzima au umelala, na ofisi gani ilisema hivyo;
- sahihi ya mashahidi wawili.

Safu ya nne msiiruke. Ndiyo itakayoonyesha kwamba mlichelewa kwa sababu ya mtambo, wala hamkuzembea. Nakala za taito, sachi, mkataba na risiti zikae sehemu mbili: kwa katibu na kwa wakili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwezi wa Julai 2023 eCitizen ilipozimika, nani katika kikundi chetu alikwama? Alifanya nini?
2. Bloka anasema bei itapanda kesho na sistimu imelala. Ni kipi kikubwa: hasara ya bei kupanda, au hasara ya kupoteza akiba yote? Pigeni hesabu kwa pesa za kikundi chenu.
3. Je, pesa zetu ziko kwenye laini ya mtu mmoja? Tutabadilisha lini?
4. Wapangaji walio hapa: wangapi wana karatasi ya makubaliano? Wangapi wanalipa bila risiti?

KAZI YA WIKI HII

Kila mwanachama aje mkutano ujao na vitu vitatu: namba yake ya PIN ya KRA iliyoandikwa, taarifa ya M-Pesa iliyochapwa ya mwezi uliopita, na namba ya mita ya stima ya nyumba anayokaa. Katibu anunue daftari na kulifungua kwa ukurasa wa kwanza. Juu ya ukurasa huo aandike kanuni yetu kwa herufi kubwa, ili hata mweka hazina akisukumwa vipi, aweze kumwonyesha bloka kidole: SISTIMU IKILALA, PESA NAZO ZILALE.